Sifuri za Mzee Ndahani

Daftari zililetwa kwa pikipiki kutoka Bahi,
kumi na moja, zimefungwa kwa mpira wa tairi,
vumbi jekundu likamwagika juu ya kibodi
kabla sijaandika hata herufi.

Kazi yangu ndogo: kuhamisha.
Wino uingie kwenye mfumo mpya,
kila kisima kipate namba na mahali pake,
tarehe, joto la maji, uchachu, chumvi,
floraidi, naitreti,
na jina la aliyechota.

Aliyechota: Ndahani. Ndahani. Ndahani.
Miaka kumi na minne, mtu mmoja
na sanduku la barafu nyuma ya baiskeli,
barafu iliyokwisha kuwa uvuguvugu kabla ya kuvuka reli.
Saba yake ina mkato kiunoni.
Pembeni mwa kurasa anasimulia:
pampu inalia;
ng'ombe wa Mbeleje wamevunja uzio;
maji yana ladha ya shaba, nimeonja mwenyewe.
Mfumo hauna safu ya kuonja.
Nikayapachika kwenye maoni, yakakatwa katikati ya neno.

Halafu kisima cha kumi na saba, Itumbilo.
Floraidi sifuri. Mwezi uliofuata, sifuri.
Masika sifuri, kiangazi sifuri,
masika tena.
Grafu ikalala chali kama barabara ya Manyoni,
kijani, haina hata tuta,
na mfumo ukaniandikia kwa furaha: SALAMA.

Itumbilo napajua. Mama yangu mdogo kaolewa kule.
Wanawe wakicheka huziba mdomo kwa kiganja.
Mficha maradhi kifo humuumbua;
Itumbilo meno yalitangulia.

Nikampigia. "Mzee, zile sifuri."
Kimya. Mbuzi. Redio ya mtu inahesabu mabao.
"Mwanangu, fungu la mafuta lilikatwa.
Baiskeli kule haifiki, ni mchanga mtupu.
Na fomu yenye pengo ilikuwa inarudishwa.
Nikaweka kitu kisicho na uzito."

Kisicho na uzito!
Ndicho kilichokibeba kijiji kizima
kikakitua mkiani mwa orodha,
mwaka wa tatu huu, chini ya kichwa
"Visivyohitaji hatua."

Sifuri ni jibu: nimefika, nimepima, sikukuta.
Tupu ni deni.
Chuoni tulifundishwa hili kwa dakika tano,
mwalimu akafuta ubao, tukaenda kula.

Nikafungua kumbukumbu. Nikafuta
moja moja, zote thelathini na moja.
Mfumo huu si mjinga. Hautupi thamani ya zamani,
unaifukia chini ya mpya kama tabaka la udongo,
kisha unakuuliza kama karani wa mahakama:
Nani? Sechelela Mhelela.
Saa? Nane na dakika hamsini na mbili.
Sababu?

Kisanduku cheupe. Kishale kinapepesa.
Feni inageuza shingo, inanitazama, inageuza tena.
Sababu ni mafuta? Ni mchanga?
Ni fomu isiyovumilia pengo?
Ni jina la mzee anayesubiri kiinua mgongo chake
kwenye ofisi ya ghorofa ya pili, mtaa huu huu?
Nikaandika mafuta. Nikafuta.
Nikaandika: Hakikupimwa.

Mstari wa kijani ukakatika.
Kwenye ramani kitone cha Itumbilo kikawa kijivu,
si chekundu, bado,
lakini salama kimeshatoka.

Gari la idara halina mafuta, hilo halijabadilika.
Shemeji ana pikipiki.
Nimeomba barafu kwa muuza samaki wa Majengo,
akauliza ni ya nini, nikasema ya maji,
akacheka mpaka akaniongezea.

Usiku simu ikaita, namba ya mzee.
Hakusalimia.
"Pampu ya kule ipige mara arobaini kwanza,
maji yaliyolala bombani yatoke.
Ndipo uchote."
Nikasikia anahema, kama aliyeshuka baiskeli.
"Na uandike utakachokikuta."